Taa Kuwaka Si Kipimo cha Afya: Inveta, Hamoniki na Usalama wa Mgonjwa

Siku ya kupokea mfumo mpya wa umeme hufanana katika hospitali nyingi. Mafundi hufunga mlango wa kabati la mwisho, mkandarasi huwasha swichi kuu, taa huwaka, makofi hupigwa, na hati ya makabidhiano hutiwa saini kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyedanganywa, kwani umeme kweli umefika. Lakini swali ambalo halikuulizwa ni hili: umeme uliofika ni wa aina gani?

Taa ni mvumilivu kuliko wote waliomo wodini. Huwaka hata umeme ukiwa umepotoka, umechafuka au umepungua. Mashine ya kupumulia, mtambo wa oksijeni, mashine ya CT na kitanda cha joto cha mtoto njiti havina uvumilivu huo. Kwa sababu hiyo, kupokea mfumo wa umeme wa hospitali kwa kutazama taa ni sawa na kumruhusu mgonjwa aende nyumbani kwa sababu tu amefumbua macho.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na washirika wake, iliyotolewa Januari 2023, ilieleza kwamba karibu watu bilioni 1 katika nchi za kipato cha chini na cha kati-chini wanahudumiwa na vituo vya afya visivyo na umeme wa kutegemewa au visivyo na umeme kabisa. Jitihada za kuziba pengo hilo zimeleta hospitalini paneli za jua, betri na inveta kubwa. Ni hatua njema. Hata hivyo, kila hatua huja na maradhi yake, na maradhi ya mifumo hii hayaonekani kwa macho. Makala haya yanaeleza namna yanavyozuka, namna ya kuyagundua kabla mtambo haujapokelewa, na kwa nini daktari na muuguzi wana nafasi katika kazi ambayo kwa kawaida huachiwa fundi peke yake.

Inveta hufanya kazi gani

Umeme wa gridi katika Afrika Mashariki ni mkondo geu: hupanda na kushuka kama wimbi, mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Betri na paneli za jua hutoa mkondo mnyoofu, usiopanda wala kushuka. Inveta ndiyo inayougeuza huo mnyoofu uwe geu, ili mashine za hospitali ziutumie kwa volti 230 kwa fezi moja au volti 400 kwa fezi tatu.

Kazi hiyo haifanywi kwa kulainisha mkondo kama mfinyanzi alainishavyo udongo. Ndani ya inveta mna transista za nguvu zinazowaka na kuzimika maelfu ya mara kwa sekunde. Kila zinapowaka hutoa pigo la volti. Upana wa mapigo hayo hubadilishwa hatua kwa hatua hadi wastani wake ufanane na wimbi. Kinachotoka hapo bado ni vipande vipande. Ndipo kinapopitishwa kwenye kichujio cha koili na kapasita, na upande wa pili hutoka wimbi lililo laini.

Katika mifumo mingi ya hospitali pana pia safari ya kurudi. Umeme wa gridi au wa jenereta hugeuzwa kuwa mnyoofu ili uchaji betri, kisha inveta huurudisha kuwa geu. Hivyo mtambo mmoja una sura mbili. Kwa upande wa mashine za wodini ni mtoaji wa umeme. Kwa upande wa gridi na jenereta ni mlaji. Pande zote mbili zinaweza kuchafua na kuchafuliwa.

Hamoniki: uchafu ndani ya wimbi

Mwaka 1822 mwanahisabati Mfaransa Joseph Fourier alichapisha kitabu kuhusu mwenendo wa joto. Humo alionyesha njia ya kulichambua umbo linalojirudia kuwa jumla ya mawimbi laini. Wimbi la kwanza ndilo la msingi. Mengine yana kasi iliyo mara mbili, mara tatu, mara tano ya msingi, na kuendelea. Katika umeme wa hezi 50, hamoniki ya 3 ni hezi 150, ya 5 ni hezi 250, ya 7 ni hezi 350.

Hamoniki huzaliwa pale kifaa kinapovuta mkondo kwa vipande badala ya kuuvuta kwa ulaini. Kompyuta, taa za LED, chaja na mashine nyingi za maabara hufanya hivyo. Mitambo mikubwa ya fezi tatu inayogeuza mkondo geu kuwa mnyoofu, kama ile inayoendesha mota za kasi inayobadilika, huzalisha hasa hamoniki za 5, 7, 11 na 13.

Madhara yake ni ya aina nne, na yote yana maana hospitalini.

La kwanza ni joto. Nyaya, transfoma na mota hupata moto zaidi ya unaotarajiwa kwa kazi inayofanyika. Hamoniki ya 5 ina ziada yake: ndani ya mota ya fezi tatu hujenga uga wa sumaku unaozunguka kinyume na mota yenyewe. Mota huendelea kuzunguka, lakini huku ikivutwa nyuma.

La pili ni mzigo kwenye waya wa nyutro. Kwa kawaida, fezi tatu zikilingana, mikondo yake hufutana na nyutro hubaki na mkondo mdogo sana. Hamoniki ya 3 haifutani, hujumlishana. Endapo kila fezi inabeba ampea 50 na asilimia 30 yake ni hamoniki ya 3, yaani ampea 15, basi nyutro itabeba ampea 45 hata kama fezi zimelingana kikamilifu. Jengo la zamani lenye nyutro nyembamba kuliko fezi linaweza kuungua bila fezi yoyote kuzidiwa.

La tatu ni usumbufu kwa vipimo. Kila aliyesoma kipimo cha umeme wa moyo anaijua mistari midogo ya hezi 50 inayolipaka tope wimbi la moyo. Kichujio cha mashine kilichotengwa kuziba hezi 50 hakizibi hezi 150 wala 250.

La nne, na la hatari zaidi, ni kuzimika kwa mashine. Vifaa vya kisasa hujilinda. Vikiona umeme umepotoka kupita kiasi, hukataa kuupokea. Kujilinda huko ni kwema kwa kifaa. Kwa mgonjwa aliyeunganishwa nacho, ni jambo jingine.

Upotokaji hupimwa kwa asilimia ya wimbi la msingi. Mwongozo wa IEEE 519 katika matoleo ya 2014 na 2022 unaweka ukomo wa asilimia 8 kwa upotokaji wa jumla wa volti katika mifumo ya umeme mdogo, usiozidi volti 1,000, na asilimia 5 kwa hamoniki moja moja. Toleo la 1992 lilizitaja hospitali miongoni mwa maeneo maalumu na kuyawekea ukomo mkali zaidi wa asilimia 3. Hospitali inayoandaa mkataba inaweza kuchagua kiwango kilicho kikali kuliko cha jumla, mradi ikiandike kabla ya ununuzi. Baada ya ununuzi hakuna wa kumdai.

Kichujio ni dawa, na kila dawa ina madhara

Tiba ya hamoniki ni kichujio. Viko vya aina mbili kuu. Kichujio tulivu ni muungano wa koili na kapasita uliopimwa ili hamoniki fulani ipate njia rahisi ya kupita na isisambae. Kichujio tendaji ni mtambo wa kielektroniki unaousikiliza mkondo, ukatambua uchafu wake, kisha ukaingiza mkondo ulio kinyume ili viwili hivyo vifutane. Cha kwanza ni rahisi na cha bei nafuu lakini hakibadiliki; cha pili hufuata mabadiliko ya mzigo lakini ni ghali na chenyewe kinahitaji matunzo.

Madaktari wana mfano wa karibu wa kuielewa hatari ya kuchuja bila kufikiri. Mashine ya kupima umeme wa moyo ikiwekwa katika hali ya uangalizi wa kitandani, kwa kawaida huruhusu mawimbi ya kati ya hezi 0.5 na 40 hivi. Mstari hutulia na kupendeza. Lakini kichujio hichohicho kinaweza kupotosha sehemu ya wimbi ambayo daktari huitazama akitafuta dalili za misuli ya moyo kukosa damu. Ndiyo maana kwa utambuzi hutumiwa upana wa hezi 0.05 hadi 150. Kichujio kimeondoa tope, na pamoja na tope kimegusa ukweli.

Vichujio vya umeme vina tabia ya namna hiyo. Kila penye koili na kapasita pana kasi moja ambayo muungano huo huipenda kuliko nyingine zote. Mtoto akisukumwa bembeani kwa wakati unaoafikiana na mwendo wake, msukumo mdogo humpeleka juu sana. Umeme nao, hamoniki ikiangukia kasi hiyo, hukuzwa badala ya kupunguzwa. Hali hii huitwa resonansi. Wabunifu wa inveta huichagua kasi hiyo kwa uangalifu: iwe zaidi ya mara 10 ya msingi, yaani juu ya hezi 500, na iwe chini ya nusu ya kasi ya transista kuwaka na kuzimika. Inveta ambayo transista zake huwaka mara 8,000 kwa sekunde itapangiwa kasi iliyo kati ya hezi 500 na 4,000.

Tatizo ni kwamba mbunifu alikuwa kiwandani, na hospitali iko kwingine. Humo tayari mna transfoma, nyaya ndefu, jenereta na kapasita nyingine ambazo hakuziona. Kichujio kilichotulia kiwandani kinaweza kupata mshirika mpya kikifika. Hii ndiyo sababu ya msingi kwa nini majaribio ya kiwandani hayatoshi, na kwa nini mtambo hauna budi kupimwa pale utakapofanya kazi, pamoja na mashine zitakazoutumia.

Uchunguzi kabla ya kupokea

Majaribio ya kupokea mtambo yana mpangilio unaofanana na uchunguzi wa mgonjwa: kwanza kutazama, kisha kugusa, kisha kupima, na mwisho kumwona akitembea.

Kutazama na kugusa hufanywa umeme ukiwa umezimwa. Hukaguliwa kama boliti za nyaya zimekazwa kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, kama upande chanya na hasi wa betri haukugeuzwa, kama fezi tatu zimefuatana kwa mpangilio sahihi, na kama waya wa ethi ni mzima. Ukinzani wa ngozi ya nyaya hupimwa kwa volti 500 za mkondo mnyoofu; katika mfumo wa volti 400 haupaswi kuwa chini ya megaomu 1. Vifaa vya kielektroniki hutenganishwa kwanza ili kipimo chenyewe kisiviharibu.

Hapa pana onyo lisilopaswa kupuuzwa. Kapasita za ndani ya inveta hubaki na chaji hata baada ya swichi zote kuzimwa. Katika mtambo unaolishwa kwa fezi tatu za volti 400, volti ya ndani hufikia takriban 560. Fundi husubiri muda ulioandikwa kwenye kibandiko cha mtambo, kisha hupima kuthibitisha kwamba volti imekwisha, ndipo aingize mkono. Asiye fundi aliyefunzwa hafungui kabati hilo kwa sababu yoyote.

Hatua ya kupima huanza mtambo ukiwa mtupu, bila mzigo. Volti na kasi zikitulia, mzigo bandia huongezwa kwa awamu: asilimia 25, 50, 75, kisha 100. Katika kila awamu hupimwa volti, mkondo wa kila fezi, mkondo wa nyutro, upotokaji wa jumla na hamoniki moja moja. Vifaa vya kupimia navyo vichaguliwe. Kipima mkondo cha bei rahisi kimetengenezwa kwa kudhania kwamba wimbi ni laini; wimbi likipotoka, hutoa namba isiyo ya kweli bila kuona haya. Hutakiwa kipimo kinachosoma thamani halisi ya wimbi lolote, pamoja na kichambuzi cha ubora wa umeme. Kamera ya joto huonyesha boliti iliyolegea mapema kuliko pua inavyonusa plastiki inayoungua.

Mzigo bandia, hata hivyo, una kasoro moja: ni mtiifu. Huvuta mkondo laini, hauna mota inayoanza ghafla wala kompyuta inayovuta kwa vipande. Kwa hiyo hatua ya mwisho ni kuzijaribu mashine zenyewe, tena kwa namna zitakavyotumika. Mota inayounganishwa moja kwa moja inaweza, inapoanza kuzunguka, kuvuta mkondo mara 5 hadi 8 ya ule wa kawaida, ilhali inveta nyingi huvumilia ziada ndogo tu kwa muda mfupi. Kompresa ya mtambo wa oksijeni ianzishwe wakati mizigo mingine imewashwa. Gridi izimwe kwa makusudi. Jenereta iwashwe, iachwe ifanye kazi, kisha gridi irudishwe. Kiwango cha kimataifa cha umeme katika maeneo ya tiba, IEC 60364-7-710, kinataka taa ya upasuaji irudi ndani ya nusu sekunde, na huduma nyingine nyingi za usalama ndani ya sekunde 15. Muda huo hupimwa kwa saa, haukadiriwi.

Majaribio hayo hufanywa kabla ya mgonjwa yeyote kuunganishwa. Ikiwa hospitali inaendelea kutoa huduma, ratiba ya majaribio huandikwa pamoja na viongozi wa wodi, chumba cha upasuaji na wagonjwa mahututi, mitungi ya oksijeni ikiwa imewekwa tayari na kila zamu ikiwa na habari.

Kisa cha kufundishia: hitilafu iliyopenda usiku

Ichukuliwe hospitali ya wilaya ya mfano, iliyoundwa kwa ajili ya somo hili. Ina transfoma ya kVA 315 yenye kizuizi cha asilimia 4, na jenereta ya kVA 300 ambayo kizuizi chake cha ndani ni asilimia 12. Miaka ya nyuma iliwekewa kapasita za kVAr 100 ili kupunguza gharama za umeme, nazo zimeungwa moja kwa moja, hazina kifaa cha kuzizima zenyewe. Sasa imepata inveta na betri kwa ajili ya wodi muhimu, pamoja na mtambo wa oksijeni wenye kompresa ya kasi inayobadilika.

Miezi miwili inapita salama. Kisha usiku mmoja gridi inakatika, jenereta inawaka vizuri, lakini inveta inaukataa umeme wake. Kengele inalia, betri zinaendelea kuliwa, na baada ya muda zinakwisha. Fundi anaitwa, anabonyeza kitufe cha kuanzisha upya, mtambo unakubali. Wiki inayofuata hali inajirudia. Bodi ya kielektroniki inabadilishwa. Inajirudia. Bodi ya pili inaagizwa.

Kilichokosekana hapo ni historia ya mgonjwa. Daftari la zamu la wauguzi lina habari ambayo haimo katika kumbukumbu ya inveta: kila tukio limetokea usiku, kila mara wakati wa jenereta, na kamwe si mchana, ijapokuwa mchana nao jenereta huwashwa. Swali sahihi si «bodi gani imeharibika?» bali «usiku wa jenereta una nini ambacho mchana wa jenereta hauna?»

Jibu linapatikana kwa hesabu fupi. Nguvu ambayo chanzo kinaweza kuitoa penye shoti hupatikana kwa kugawa ukubwa wake kwa kizuizi chake. Kwa transfoma, 315 ikigawanywa kwa 0.04 ni kVA 7,875. Ikigawanywa tena kwa kapasita za 100 na kutafutiwa kipeuo cha pili, jibu ni takriban 8.9. Maana yake, hospitali ikiwa kwenye gridi, resonansi iko kwenye hezi 444 hivi, katikati ya hamoniki ya 7 na ya 11. Hakuna hamoniki kubwa hapo, na bembea haipati wa kuisukuma.

Kwa jenereta, 300 ikigawanywa kwa 0.12 ni kVA 2,500. Ikigawanywa kwa 100 ni 25, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5 kamili. Resonansi imehamia hezi 250, penye hamoniki ya 5, ileile ambayo chaja ya betri na kompresa huizalisha kwa wingi. Kapasita zilizokuwa wapole kwenye gridi zimegeuka wachochezi kwenye jenereta.

Na kwa nini usiku? Mchana jikoni, chumba cha kufulia na mashine za kutakasa vifaa kwa mvuke zinatumia vipasha joto. Vipasha joto hufanya kazi ya breki ya bembea: humeza nguvu na kuizuia resonansi isikue. Usiku vimezimwa, na breki imeondoka. Zaidi ya hayo, mzigo ukiwa mdogo, kapasita hizo huirudishia jenereta nguvu inayokwenda na kurudi bila kufanya kazi, hadi kidhibiti chake cha volti kinashindwa kuitawala na volti inapanda. Inveta inaona umeme uliopotoka na uliopanda, nayo inaukataa kama ilivyofundishwa. Haikuwa mgonjwa hata mara moja. Ilikuwa shahidi.

Tiba nayo haihitaji bodi ya tatu. Swichi ya sumaku inafungwa ili kapasita zijitenge kila jenereta inapowaka. Zikihitajika wakati wote, huongezewa koili za asilimia 7 zinazoishusha kasi yake hadi hezi 189, chini ya hamoniki ya 5, zisiweze tena kuikuza. Kisha kipimo hurudiwa: usiku, kwenye jenereta, mzigo ukiwa mdogo. Tiba isiyopimwa baada ya kutolewa ni tumaini tu.

Dalili nyingine na maana zake

Si kila hitilafu hujificha kiasi hicho. Inveta inayozimika kila kompresa inapoanza huenda imezidiwa na mkondo wa kuanzia. Hutazamwa uwezekano wa kuianzisha mota taratibu. Swichi ya kinga ya mkondo unaovuja inayokatika bila sababu ya wazi inaweza kuwa inajumlisha mivujo midogo ya vichujio vingi vilivyo kwenye laini moja. Mizigo hugawanywa, wala kinga haiondolewi. Nyutro ya moto humwelekeza fundi kwenye hamoniki ya 3. Kapasita ya kichujio iliyovimba husema kwamba imekuwa ikibeba mkondo usio wake, na kuibadilisha bila kuutafuta mkondo huo ni kuandaa ya pili kuvimba.

Joto la chumba nalo hudharauliwa sana. Kanuni ya kazini husema kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita za elektroliti kwa takriban nusu. Katika miji ya pwani, chumba cha inveta kilichogeuzwa stoo ya magodoro, chenye feni iliyozibwa kwa vumbi na hewa ya chumvi, huula mtambo polepole bila kengele yoyote kulia.

Wajibu wa hospitali

Mtambo wa oksijeni unaochuja hewa kwa zeolaiti hutoa oksijeni ya asilimia 93 hivi, pungufu au zaidi kwa 3. Kompresa ikisimama, shinikizo katika mabomba hushuka, na mtoto aliyekuwa akipumua kwa msaada hubaki na dakika ambazo muuguzi atazitumia kuufungua mtungi wa akiba. Kutoka hamoniki ya 5 hadi kitandani mwa mtoto huyo ni hatua tatu tu. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kubaki siri ya chumba cha mitambo.

Hospitali inayotarajia kupokea inveta yenye kichujio inaweza kujilinda kwa mambo machache. Mkataba utaje ukomo wa upotokaji kwa namba, na utaje kwamba utapimwa katika hali nne: kwenye gridi, kwenye jenereta, kwenye betri, na katika kuhama kutoka kimoja hadi kingine, kwa mzigo mkubwa na kwa mzigo mdogo wa usiku. Orodha ya kapasita, jenereta na mitambo mikubwa iliyopo ikabidhiwe kwa mbunifu kabla ya kuagiza. Timu ya mapokezi iwe na fundi wa vifaa tiba, muuguzi wa wagonjwa mahututi na mtaalamu wa usingizi, kwa sababu hao ndio wajuao ni mashine ipi isiyoweza kusubiri sekunde 10. Matokeo ya vipimo vya siku ya kwanza yahifadhiwe, maana bila kujua hali ya uzima hakuna wa kuutambua ugonjwa. Na kila kengele iandikwe katika daftari pamoja na saa, chanzo cha umeme kilichokuwa kikitumika na mashine zilizokuwa zimewashwa, kabla kitufe cha kuanzisha upya hakijabonyezwa.

Sharti hili la mwisho halina gharama, lakini ndilo linalovunjwa mara nyingi kuliko yote. Kitufe hicho huzima kengele na kufuta dalili kwa wakati mmoja. Daktari hampi mgonjwa dawa ya maumivu ya tumbo kisha akamrudisha nyumbani bila kumchunguza, kwani maumivu yatakapotulia kidole tumbo kitaendelea kuiva. Inveta nayo inastahili uangalifu wa namna hiyo. Inapolia, iulizwe kwanza inalilia nini.